Visanduku Arobaini na Viwili

Mwalimu mkuu hakupandisha sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha mama Chiriku kuliko yote. Angefoka, angejua pa kuanzia. Mtu anayefoka unaweza kumwomba radhi. Huyu alikuwa anapanga kalamu zake kwenye kopo, moja moja, huku akieleza kwamba jana saa tano mtoto alitoka darasani kupitia dirishani, akakatiza uwanja, akapita getini na kuingia barabarani kumfuata mbwa aliyebeba kiatu. Dereva wa lori alikanyaga breki mpaka mzigo ukamwagika.

"Mbwa alikuwa na kiatu kweli," alisema Chiriku, akiwa amesimama kwa mguu mmoja. "Kiatu cha mtu mzima, cha kushoto. Nilitaka nione anakipeleka wapi."

"Nyamaza, mwanangu," alisema baba yake.

"Sawa. Lakini kilikuwa na kamba nyekundu."

Alikuwa na miaka minane. Jina la Chiriku alipewa na bibi yake kabla hajaanza kutembea, kwa sababu ya mdomo, na lilimganda hivyo hivyo hata walimu wakalisahau lile la kwenye daftari la mahudhurio. Aliongea akila, akaongea akivua viatu, na kuna siku bibi alimkuta anaongea usingizini, tena anabishana.

"Nina watoto mia saba hapa," alisema mwalimu mkuu. "Siwezi kumwekea mmoja mlinzi wake. Nawapa mpaka mwisho wa muhula. Akitulia, abaki. Asipotulia, mtamtafutia shule inayomfaa."

Shule inayomfaa haikuwepo. Watu wazima wote watatu mle ofisini walijua hivyo, na kwa adabu hakuna aliyesema.

*

Daktari wa kliniki ya watoto alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Mwezi uliopita ndiye aliyewaambia kwamba mtoto wao si mtukutu wala hajakosa malezi. Ni hali inayojulikana, alisema, ya watoto wasioweza kutulia wala kushika jambo moja kichwani: ubongo unakwenda kasi, breki ndizo zinazochelewa. Mama Chiriku alilia siku ile. Alikuwa ameambiwa na watu wengi kwamba hajui kulea, na hakuwa amejua ni kwa kiasi gani alikuwa ameamini.

Sasa walikuja kuhusu dawa.

"Hapa nina aina mbili," alisema daktari. Aliweka mezani kifuko cha vidonge vyeupe na chupa ya kapsuli. "Hivi vyeupe ni vya haraka. Anameza asubuhi, nusu saa baadaye unaiona kazi yake, mchana imekwisha. Atahitaji kingine saa nne akiwa shuleni. Vinapunguza hamu ya kula, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili mnaweza kumpumzisha. Hizi kapsuli ni za polepole. Moja tu, asubuhi. Ila hutaona kitu wiki ya kwanza, pengine hata ya tatu. Zinajijenga mwilini."

"Ipi nzuri?" aliuliza baba Chiriku.

"Kwa mtoto wako? Sijui. Kuna anayepatana na hii, kuna anayepatana na ile. Tumpe vyeupe wiki nne, halafu kapsuli wiki sita, tulinganishe. Lakini nataka mniletee kumbukumbu za kweli. Msije mkaniambia 'hajambo, hajambo' tu."

Hapo baba Chiriku alikaa vizuri kwenye kiti. Alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha viberiti. Kutoka kila kreti alichomoa boksi moja, kutoka kila boksi njiti ishirini, akazikwaruza moja baada ya nyingine na kuandika: ngapi zimeshika, ngapi zimekatika, ngapi zimetoa moshi tu. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na mmoja na ncha za vidole vyake viwili zilikuwa nyeusi hazitakati kwa sabuni yoyote. Habari za ubongo zilikuwa zinampita. Lakini kulinganisha kundi moja na jingine! Kwa mara ya kwanza tangu matatizo haya yaanze, mtu alikuwa anamwomba kitu anachokijua.

*

Alichora karatasi yake mezani siku hiyo hiyo, kwa rula, mstari wa chini ukiwa mnene kuliko wa juu kama za kiwandani. Shule: alama ya mwalimu, moja mpaka kumi. Chakula: alama ya nyumbani. Furaha: hili mke wake ndiye aliyesema liwekwe, na yeye akaliweka ingawa hakujua litapimwaje. Na pembeni, kisanduku kidogo cha kila siku chenye neno Dawa, cha kuwekewa tiki.

Wa kuweka tiki alikuwa bibi. Baba aliondoka saa kumi na mbili kasorobo kuwahi zamu. Mama aliondoka naye, kwenda karakana ya nguo alikoshona kola za mashati, kola tu, kwani mikono ilishonwa na mwingine na vifungo na mwingine tena. Aliyemwamsha Chiriku, akamwogesha, akamtafutia soksi ya pili na kumsindikiza mpaka getini alikuwa bibi, mama yake baba.

"Nimegawa vidonge wodini miaka ishirini na sita," bibi alimwambia mwanawe. "Nimeanza wewe hujaota meno. Leo unanifundisha kumpa mtoto dawa?"

"Si kumpa, mama. Kuandika."

"Haya. Nichoree visanduku vyako, nitaandika."

Kweli alikuwa mhudumu wa wodi mpaka alipostaafu, na kati ya mambo yote aliyoyafanya maishani hakuna alilojivunia kama hilo. Muuguzi alipanga dawa kwenye vikombe, yeye akavisukuma kwa kitoroli kitanda kwa kitanda, na alijua kumtazama mgonjwa usoni akajua nani amemeza na nani ameficha shavuni. Siku moja tu katika zile wiki nne za mwanzo, Jumanne, alimpa mtoto kidonge akasahau kuweka tiki. Baba Chiriku aliporudi kazini alikwenda kwenye karatasi kabla hata hajavua viatu.

"Mama, leo umempa?"

"Nimempa."

"Mbona kisanduku kitupu?"

"Nimesahau. Lakini nimempa, saa kumi na mbili na nusu, kwa chai."

"Sasa nitajuaje? Kisanduku kitupu ni kitupu. Hata kiwandani mtu akiniambia amekagua na hajaandika, mimi nahesabu hakukagua." Hakusema kwa ubaya, alisema kama anavyosema na vibarua, na aliendelea kulisema mpaka chakula kikapoa, mbele ya mkewe na mbele ya mtoto. Bibi alitazama sahani yake. Tangu siku hiyo hakuna kisanduku kilichobaki kitupu.

*

Vidonge vyeupe vilifanya kazi. Lazima tuvitendee haki. Siku ya tatu mwalimu wa darasa, msichana mdogo mwenye wanafunzi sabini na sauti iliyokwisha kukauka, aliandika kwenye daftari: "Amekaa kipindi kizima. Amemaliza hesabu zote. Hongera." Mama Chiriku alilisoma neno hilo, hongera, akiwa amesimama mlangoni, akalisoma tena. Miaka miwili daftari lile lilikuwa halileti kitu ila kuitwa shuleni.

Saa nne mwalimu alimwita mtoto mbele ampe kidonge cha pili, na kwa kuwa hapakuwa na pahali pengine, alimpa mbele ya darasa zima. Wiki haikuisha wenzake wakawa wanamwita Mgonjwa. Chiriku wa zamani angewajibu, tena wangekoma. Huyu alirudi kwenye dawati lake.

Mchana alirudi nyumbani akakaa mbele ya sahani. Alikata mkate vipande, akavipanga pembeni kwa ukubwa, hakula hata kimoja. Ukimuuliza shule ilikuwaje, alijibu "nzuri." Saa kumi dawa ilipokuwa inakwisha alilia, alilia kwa sababu ya soksi, au kwa sababu mlango umefungwa kwa nguvu, kilio cha mtu aliyechoka, kisha akalala.

"Huyu mmemtoa wapi?" bibi aliuliza. "Mimi wangu alikuwa anaongea."

"Mama, anasoma," alisema mama Chiriku. "Kwa mara ya kwanza anasoma."

"Naona. Na wodini tulikuwa nao walionyamaza hivyo. Hatukuwa tunawapa hongera."

Karatasi ilipofika kliniki baada ya wiki nne, ilisema hivi: Shule tisa. Chakula mbili. Furaha, mama alikuwa ameandika tatu, akafuta, akaandika tatu tena. Mizani ilisema amepungua kilo moja na nusu. Daktari alivua miwani na kusema kwamba hapendi huo uzito, na kwamba sasa ni zamu ya kapsuli. "Hizi kila siku," alisema. "Kila siku, bila kuruka, hata wikendi. Ukiruka unabomoa ulichojenga."

Bibi hakuwepo kliniki siku hiyo. Alikuwa nyumbani anafua sare.

*

Ndipo lilipotokea kosa, na halikuwa kosa la mtu mbaya.

Baba Chiriku alifika nyumbani na karatasi mpya ya wiki sita, visanduku arobaini na viwili. "Mama, hii ni ya kila siku," alisema akiwa anapiga mstari, kisha akaingia katika maelezo ya karatasi: safu ipi ni ipi, tiki iwekwe katikati isiguse mstari, kalamu ni ile ya bluu. Neno kila siku alilisema mara moja. Habari za visanduku alizisema mara tatu. Kwamba dawa hii inajijenga polepole, kwamba ukiruka unabomoa, hakusema, kwa sababu yeye aliyasikia na alidhani aliyoyasikia yeye nyumba nzima imeyasikia.

Wiki ya kwanza Chiriku aliamka akishika tumbo. Kapsuli zilimchafua roho. Bibi alimtazama alivyojikunja ukingoni mwa kitanda, akakumbuka wodi, ambako mgonjwa anayetapika alipumzishwa dawa mpaka atulie. Akairudisha kapsuli mkononi. Haikumwingia akilini kuitupa, dawa haitupwi. Aliitia katika kopo la mafuta ya mgando lililokwisha, akalisukuma chini ya mto wake. Kisha akaitazama ile karatasi ukutani. Akikiacha kisanduku kitupu, jioni atasimamishwa tena mbele ya mkwewe kama kibarua aliyeiba. Akachukua kalamu ya bluu, akaweka tiki, katikati, haikugusa mstari.

Jumamosi na Jumapili alimpumzisha, kama walivyokuwa wakifanya na vile vyeupe. Hilo hata hakulifikiria mara mbili.

Wiki ya tatu dawa ilianza kushika. Mtoto alirudi kutoka shule akasimama jikoni na kusimulia habari ya mwalimu aliyekalia chaki, na bibi alikuwa anasubiri aruke kwenda habari nyingine kama kawaida yake, lakini hakuruka. Habari ilikuwa na mwanzo, ikawa na katikati, ikafika mwisho, na wote wawili wakacheka mahali pake. Kisha akala yai zima. Bibi alimwangalia, machozi yakamlenga. "Amepona," alijisemea. Na kesho yake asubuhi, kwa sababu mtoto aliamka ametulia na anaimba, alimwonea huruma kumtilia dawa mwilini bure. Mtu aliyepona anaachishwa dawa. Hilo alikuwa ameliona miaka ishirini na sita. Siku alizoamka anapaa, alimpa. Siku alizoamka vizuri, alimpumzisha. Na kadiri mtoto alivyopata nafuu ndivyo kopo lilivyojaa.

Kwa hiyo alama za mwalimu zilipanda na kushuka bila mpangilio. Saba. Nne. Nane. Mbili. Wiki ya tano Chiriku alipanda juu ya dawati kuonyesha namna twiga anavyokunywa maji, na daftari likaja na barua ya mwalimu mkuu, fupi, yenye mhuri.

*

Safari hii mama Chiriku alinyimwa ruhusa karakana, kwa hiyo waliokwenda kliniki walikuwa baba, bibi na mtoto. Mtoto alipimwa. Alikuwa amerudisha kilo moja na zaidi, na aliruka juu ya mizani mara mbili kuona kama mshale utachanganyikiwa.

Baba Chiriku alitandaza karatasi mbili mezani, moja kando ya nyingine, akazinyoosha kwa kiganja. Zilikuwa kazi safi. Daktari alizisoma kwa muda mrefu.

"Hii ya pili haina msimamo," alisema. "Ningetegemea kufikia sasa iwe imetulia. Aliwahi kukosa siku yoyote?"

"Hata moja," alisema baba. "Tazama, tiki arobaini na mbili. Mama yangu huyu hapa ndiye aliyekuwa anampa. Amefanya kazi wodini miaka ishirini na sita, daktari. Huyu hakosei." Alisema kwa fahari, na alimgusa mama yake begani alipokuwa anasema. Siku nyingi zilikuwa zimepita hajamgusa hivyo.

Daktari akamgeukia bibi na kutabasamu. "Basi wewe ni mwenzetu," alisema.

Bibi alifungua mdomo. Akaona ule mkono wenye vidole vyeusi bado uko begani mwake, na akatabasamu. Ndivyo alivyofanya. Hatajisamehe kwa tabasamu hilo, lakini alitabasamu.

"Siku nyingine—" alianza Chiriku kutoka kwenye mizani.

"Nyamaza, mwanangu, daktari anasoma."

"Lakini siku nyingine bibi—"

"Chiriku!"

Mtoto akanyamaza. Daktari aliandika: kapsuli hazikumfaa. Warudi kwenye vidonge vyeupe, uzito uangaliwe.

*

Bibi alivumilia siku sita. Siku ya saba, Jumapili mchana, hapakuwa na dawa lakini ule unyamavu ulikuwa umeanza kubaki hata siku za mapumziko, au pengine mtoto alikuwa amezoea. Walikuwa wote mezani. Chiriku alipanga vipande vya mkate kwa ukubwa, akaomba ruhusa kuinuka, akaenda kulala. Mtoto yule kuomba ruhusa!

Bibi aliingia chumbani kwake, akarudi na kopo, akaliweka mbele ya mwanawe.

"Zihesabu," alisema. "Wewe ndiye mwenye kuhesabu."

Baba Chiriku alifungua. Mwanzoni hakuelewa anachokiona. Kisha alimimina kapsuli mezani, akazisukuma mbili mbili kwa kidole, kama njiti. Zilikuwa kumi na tisa.

"Kumi na tisa," alisema. "Kati ya arobaini na mbili." Akacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha. "Mama, na tiki?"

"Tiki niliweka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu siku ile nilipoacha kitupu ulinihoji mpaka chakula kikapoa. Mbele ya mkeo. Nikajua unachotaka ni tiki, nikakupa tiki."

"Nilikuambia kila siku!"

"Uliniambia. Hukuniambia kwa nini. Mtoto anashika tumbo, mimi nimpe tu? Mtoto ameamka anaimba, mimi nimpe tu? Ungeniambia inajenga ningejua. Mimi nilidhani natibu, kumbe nabomoa."

Mama Chiriku alikuwa amezishika kapsuli tatu kiganjani, anazitazama. "Kwa hiyo zile siku nzuri," alisema taratibu, "alizosimulia mpaka mwisho. Zile alizokula. Ilikuwa ni hii."

Akazirudisha mezani, akamgeukia mama mkwe wake.

"Mama, ungesema tu. Kule kwa daktari, ungesema tu."

"Nilitaka," alisema bibi. "Mwanangu aliniwekea mkono begani." Na hapo yule mwanamke mzee aliyezika mume bila kuangua kilio mbele za watu aliangua kilio, akiwa amekaa wima kabisa, mikono mapajani. Baba Chiriku alimtazama. Angeweza kusema mengi, na mengine yangekuwa kweli. Lakini alikuwa mkaguzi, na alijua kundi linapoharibika swali la kwanza ni nani alitoa maelekezo. Alizirudisha kapsuli kwenye kopo, moja moja.

*

"Basi hatujui," alisema daktari Alhamisi. "Huo ndio ukweli. Sikuandika sawa. Dawa ile haikushindwa, haikupewa nafasi." Hakumgombeza mtu. Alisema hata yeye alipaswa kumwita bibi siku ile ya kwanza na kumweleza mwenyewe, kwani ndiye aliyekuwa na dawa mkononi. "Tunaweza kuanza upya. Lakini ni wiki sita, nane, kabla hatujasema kitu. Mitihani yenu lini?"

"Wiki ijayo," alisema mama Chiriku.

"Na shule inaamua lini?"

"Wiki inayofuata."

Daktari alipangusa miwani. "Basi kuna njia mbili. Muanze leo, na aingie kwenye mtihani bila kinga. Au abaki na vyeupe sasa, na tuanze kapsuli likizo ndefu, wakati hakuna anayempima."

Likizo ndefu ilikuwa miezi mitano mbele. Walitoka nje, wakakaa kwenye benchi la korido, katikati ya akina mama wenye watoto wanaokohoa.

"Tuanze leo," alisema baba Chiriku. "Mimi nimechoka. Mtoto wangu haongei na mimi."

"Akifukuzwa ataongea na nani?"

"Ataongea na sisi."

"Sisi tuko kazini. Ataongea na ukuta." Mama Chiriku aliitazama mikono yake. "Baba Chiriku, mimi nashona kola. Mwaka wa tisa huu, kola tu. Sijawahi kushona shati zima nikalikunja nikasema hili nimelishona mimi. Nataka yeye asome. Anichukie, lakini asome."

"Hatakuchukia. Hilo ndilo linaloniuma. Siku hizi hachukii kitu." Kisha akaongeza, "Haya. Miezi mitano."

"Miezi mitano," alisema mkewe, na alimshika mkono, na walikaa hivyo mpaka mhudumu akawaomba wapishe kitanda kipite.

*

Alifaulu. Alikuwa wa kumi na nne kati ya sabini, yeye ambaye muhula uliopita hakuwa amemaliza hata karatasi moja. Mwalimu mkuu alimpa mama mkono na kusema neno lililoandikwa tayari kwenye ripoti: abaki. Mwalimu wa darasa aliwasindikiza mpaka mlangoni, amefurahi kweli, kwa moyo safi.

"Umefanya kazi kubwa, mama," alisema kwa ile sauti yake iliyokauka. "Siku hizi ametulia, mpaka wakati mwingine nasahau kama yumo."

"Asante, mwalimu," alisema mama Chiriku.

Njiani alimshika mtoto mkono kwa nguvu, ingawa hakukuwa na haja tena ya kumshika. Mbwa wawili walipita, mmoja akiburuta kamba. Mtoto aliwatazama, akaendelea kutembea.

Nyumbani bibi alikuwa amekaa jikoni anachambua mchele kwenye sinia. Mama alimwambia habari, akaingia chumbani akafunga mlango, na bibi hakumwuliza analilia nini. Alimsogezea mjukuu wake kigoda.

"Umebaki shuleni, bibi mdogo! Hufurahi?"

"Nafurahi."

"Na likizo ndefu tutaanza zile nyingine. Safari hii nitakupa kila siku, hata ukinipiga. Utaona."

"Sawa, bibi."

Mtoto alichukua kijiwe kimoja kwenye mchele, akakiweka pembeni, kisha kingine. Alikuwa na macho ya mtu anayefikiri jambo kwa muda mrefu, jambo moja, bila kuliacha.

"Bibi, zamani nilikuwa nawasumbua sana, eti?"

Zamani yenyewe ilikuwa muhula huu ulipoanza.

"Nani kasema?" bibi aliuliza. "Hukutusumbua, mjukuu wangu. Hukutusumbua hata siku moja. Ulikuwa unaongea tu."

Chiriku alimsikiliza mpaka akamaliza, hakumkatiza. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu mzima anayepewa pole. Kisha akainuka, akarudisha kigoda mahali pake na kwenda kunawa mikono bila kuambiwa na mtu.